Adabu ya Kimya: Jawabu kwa Watetezi wa Kiboko

Iko rai moja iliyokaa katika nchi yetu muda mrefu hata wengi wameacha kuiona kuwa ni rai, wakaidhani kuwa ni maumbile ya dunia: kwamba mtoto hawi mtu pasipo kuchapwa, kwamba kiboko ni mila tuliyorithi kwa wazee wetu, na kwamba mtu anayepita nyumba kwa nyumba na shule kwa shule akiwauliza watoto ni nani aliyewapiga, kwa kitu gani na kwa kosa gani, ni mfitini aliyetumwa na wageni kuja kuwavua watu sitara zao. Utaisikia rai hii Morogoro mjini katika vijiwe vya kahawa na ndani ya Soko Kuu la Chifu Kingalu. Utaisikia Mgeta na Matombo katika vikao vya wazazi na walimu. Na Oktoba 2019 ilisikika kutoka mahali pa juu kabisa, pale Rais John Magufuli alipompongeza hadharani Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, kwa kuwacharaza bakora kwa mkono wake mwenyewe wanafunzi wa Sekondari ya Kiwanja, wilayani Chunya, baada ya mabweni kuchomwa moto. Rai yenye watetezi wa daraja zote hizi haijibiwi kwa kejeli wala kwa makelele. Yataka ichukuliwe kwa nguvu zake zote, kisha ipimwe kwa insafu; na mimi ninayeandika nikiwa chini ya mlima huu wa Uluguru, mahali ambapo jambo hili lina historia yake na lina kaburi lake, nadai kuwa ikipimwa hivyo haina msingi.

Hoja yao iliyo bora ni hii. Fimbo, wasema, ni kitu kimoja, na ukatili ni kitu kingine. Mzazi anayechapa anapenda. Mhalifu anayemtesa mtoto au kumnajisi anachukia. Basi msiyachanganye mambo hayo mawili, wala msiwaandike wazazi wema katika daftari moja na waovu. Kauli hii ina ukweli ndani yake, kwa kuwa nia ya mzazi si nia ya mhalifu, na anayekana hilo hawajui wazazi. Lakini tunachokitafuta hapa si nia ya mwenye fimbo. Ni elimu anayoipata mwenye kupigwa. Mtoto aliyechapwa tangu alipoanza kutembea, akachapwa na mama, na baba, na kaka, na mwalimu, na hata jirani aliyemkuta njiani, amekwisha kufundishwa, kabla hajajua kusoma, kwamba mwili wake ni wa kila aliyemzidi umri, na kwamba maumivu yatokayo kwa mkubwa hayakosi sababu, na sababu hiyo ni kosa lake yeye. Amefundishwa pia kunyamaza, maana hapana mtoto wa nchi hii asiyepata kuambiwa “Nyamaza!” na yule yule aliyemliza. Siku atakapomjia mkubwa mwingine mwenye nia ovu, awe mjomba, au mpangaji wa chumba cha uani, au mwalimu wa masomo ya jioni, huyo hatakuwa na haja ya kumziba kinywa. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na watu wema, kwa mapenzi, mchana kweupe.

Hilo ndilo ninalolishikilia, na mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo.

Mji wa Morogoro una sababu yake ya pekee ya kulifikiri. Mei 2014, katika nyumba ya kawaida ya mtaa wa kawaida, si porini wala pangoni, alikutwa mtoto wa kike wa miaka minne aliyekuwa akiwekwa ndani ya boksi. Mamaye alikuwa amefariki yeye akiwa bado mchanga. Akachukuliwa na ndugu wa mama, kama desturi inavyotaka na kama dini zote zinavyoagiza kwa yatima. Na huko alikopelekwa kwa ajili ya rehema akatiwa ndani ya boksi, humo akala, humo akalala, humo akajisaidia, hata miaka ikapita na viungo vyake vikadumaa. Majirani ndio waliotoa habari mwishowe. Akapelekwa hospitali ya mkoa, kisha Muhimbili, na huko tarehe 1 Juni 2014 akafariki dunia. Magazeti yalimpa jina la mtoto wa boksi, na umati wa watu ukatoka kumzika.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kuwa lile lilikuwa jambo la ibilisi, la mtu mmoja mwenye moyo wa jiwe, na kwa hiyo halina funzo kwa wengine. Sikubaliani. Ya mtuhumiwa yaachiwe mahakama. Letu sisi wenyeji wa mji ni kujiuliza imewezekanaje mtoto akae ndani ya boksi, miaka na miezi, katikati ya watu wanaochota maji bomba moja na kuanika nguo kamba moja. Sisemi kuwa majirani wale walisikia wakapuuza; wao ndio walioinuka mwisho wa yote, na wana haki ya kushukuriwa. Nasema kuwa wao, kama sisi sote, walilelewa katika kanuni kwamba mtoto ni wa mwenye nyumba, na namna anavyomlea si shauri la mtu wa nje. Katika mitaa yetu kilio cha mtoto si habari. Mama anayechambua mchicha kibarazani akisikia mtoto analia nyumba ya pili, tena analia kilio cha kukatika pumzi, husema, “Anafunzwa adabu huyo,” akaendelea na mchicha wake. Wala si kwa ukosefu wa huruma, bali kwa kuwa ametumia masikio yake miaka thelathini katika mtaa ambao kilio hicho husikika asubuhi na jioni, na aghalabu ni cha kuvunja kikombe. Atajuaje kwamba cha leo ni cha namna nyingine? Kiboko kilicho halali ndicho kilicholizoesha sikio la mtaa. Kama kilio cha mtoto kingekuwa jambo geni, jirani wa kwanza angeinuka siku ya kwanza. Na wajibu wa kuinuka ulikwisha kuandikwa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimtaka kila mwanajamii mwenye habari ya mtoto anayevunjiwa haki azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Miaka mitano kabla ya boksi lile kufunuliwa sheria ilikuwapo; kilichokosekana ni sikio la kuitumia.

Hapa ndipo inapoonekana faida ya utafiti, huo unaoitwa fitina. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya jambo ambalo hapana nchi nyingine ya Afrika iliyokuwa imelifanya kwa ukamilifu wake: iliwauliza vijana wake, wa kike na wa kiume, Bara na Zanzibar, juu ya ukatili wa kila namna waliotendewa utotoni, wa kupigwa, wa kingono na wa maneno. Swaziland ilitangulia mwaka 2007, lakini huko waliulizwa wasichana peke yao. Kazi yetu ilifanywa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na UNICEF na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, kwa idhini na ushirika wa serikali yetu wenyewe, na matokeo yakatangazwa Agosti 2011. Waliohojiwa walikuwa 3,739, wa umri wa miaka 13 hadi 24. Mhoji mwanamke alizungumza na msichana, mhoji mwanamume na mvulana. Faragha ilitafutwa kwanza kabla ya swali la kwanza. Katika eneo moja walihojiwa wasichana tu au wavulana tu, ili mtenda na mtendwa wa mahali pamoja wasije wakaulizwa maswali yale yale, siri ikavuja, na mnyonge akalipizwa kisasi. Na aliyeonekana kuhitaji msaada alielekezwa kwenye msaada. Wanaosema kuwa watafiti huvunja sitara za watu na wauzingatie mpango huo. Miaka mingi tumekuwa tukiyatangaza makosa ya watoto mstarini, mbele ya shule nzima. Hao waliwauliza siri zao faraghani na kuzihifadhi.

Wakajibu nini? Karibu robo tatu ya wasichana, na karibu robo tatu ya wavulana, walisema kuwa kabla ya kutimiza miaka 18 walipigwa kwa namna ambayo hapana mwenye insafu atakayeiita kuonywa: ngumi, mateke, mijeledi. Zaidi ya nusu walitendewa hivyo na walimu. Wasichana karibu 3 katika kila 10, na mvulana mmoja katika kila 7, walitendewa ukatili wa kingono. Na katika wasichana hao waliotendewa, takriban nusu hawakumwambia mtu yeyote. Wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi ya hapo. Na waliofikia kupata huduma, ya daktari au ya polisi au ya ustawi wa jamii, walikuwa wachache mno. Utafiti haukusema kuwa fimbo ndiyo iliyozaa kimya hicho. Mimi ndiye ninayesema, na ninasema kwa kuyasoma mambo mawili ambayo desturi yetu huyatenganisha: nchi ambayo robo tatu ya watoto wake hupigwa na wale wanaopaswa kuwakimbilia, na nchi ambayo nusu ya wasichana waliodhulumiwa hawakuona mtu wa kumkimbilia, ni nchi moja, na watoto ni wale wale. Anayedhani kuwa maswali yalitungwa ili kutufedhehesha na azitazame tarakimu za Zanzibar, ambako waliosema kuwa walitendewa ukatili wa kingono walikuwa wachache sana kuliko wa Bara, wasichana 6 na wavulana 9 katika kila 100, wavulana wakiwapita wasichana. Mzushi asingetunga hivyo.

Sasa tuingie katika hoja ya mila, ambayo ndiyo inayopigiwa makofi zaidi mikutanoni. Waluguru ni watu wa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mamaye. Ardhi ya mlimani hupita katika ukoo huo. Na mjomba ana kauli juu ya mpwa wake ambayo baba mzazi hana. Katika mpango wa namna hiyo mtoto hakuwa mali ya mtu mmoja ndani ya chumba kimoja chenye mlango uliofungwa. Aliyepandwa na hamaki, awe baba au mama, alikuwa na mtu wa juu yake wa kumwambia basi, bibi au mjomba au mzee wa ukoo. Na mtoto alikuwa na nyumba ya pili ya kukimbilia isiyo ya mgeni. Sisemi kuwa zamani ilikuwa pepo. Jandoni palikuwa na ukali wake, na mwali aliwekwa ndani miezi mingi, na kwa wazee wa zamani hata miaka, jambo ambalo leo sidhani kama yuko bibi wa Kinole anayetamani kumrudishia mjukuu wake anayesoma sekondari. Lakini kwa kulitaja hilo simpi nguvu mtetezi wa kiboko, namwondolea. Uwekaji wa mwali ulikuwa mila kweli kweli, wenye ngoma zake na mafundisho yake na makungwi wake, na Waluguru wenyewe waliupunguza bila kuacha kuwa Waluguru. Iwapo mila halisi imeweza kupunguzwa na wenyewe kwa busara yao, basi kisicho mila kinalindwa kwa haki gani?

Na kiboko cha shule, cha kuhesabiwa, mbele ya wenzako, mikono imenyooshwa au mwili umelazwa kifudifudi, si mila. Hakikutoka kwa mjomba wala kwa kungwi. Kilitoka kambini. Serikali ya Wadachi iliwachapa watu wa nchi hii kwa amri iliyoandikwa, wapagazi na wafungwa na wenye kukataa kazi, na kipimo chake kilijulikana kila pahali kwa jina la hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko ambao ndio ulioliacha jina hilo midomoni mwetu. Shule za serikali na za misheni zikaipokea adabu hiyo hiyo, nayo ikakubaliana na desturi ya Ulaya ya wakati ule, ambako mwanafunzi alinyooshwa kwa bakora. Wenyewe wameiacha: Uingereza iliifuta katika shule zake za serikali kwa sheria ya mwaka 1986. Sisi tuliofukuza bendera tukabaki na mjeledi, na sasa anayetutaka tuuache anaambiwa kuwa ameathiriwa na wageni.

Tena mlima huu ulikwisha kutoa shahada yake juu ya mambo yanayoendeshwa kwa adhabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ilikuwa njema, na elimu ya mabwana shamba ilikuwa na sehemu yake ya ukweli, kwa kuwa udongo wa Uluguru hakika ulikuwa ukiteremka na mvua kwenda Ruvu. Lakini asiyechimba alishitakiwa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, polisi wakaletwa, mtu akauawa, na mpango mzima ukaachwa. Leo panda Mgeta mpaka Nyandira utazame: miteremko imekatwa ngazi kwa ngazi, kabichi na karoti na njegere zinaota juu yake zikingoja malori ya Dar es Salaam, na hapana askari anayesimamia. Mkulima yule yule aliyelikataa tuta la kulazimishwa alilikubali tuta aliloiona faida yake. Basi na atuambie, akirudi nyumbani jioni, ni kwa dalili gani anaamini kuwa mwanawe atakipokea kwa fimbo kile ambacho baba na babu zake walikikataa kwa fimbo, ilhali yeye na mwanawe ni binadamu wa damu moja.

Tuiangalie adabu yenyewe kwa karibu. Kengele ya asubuhi imelia. Mtoto atokaye kitongoji cha juu, ambaye njia yake wakati wa masika ni utelezi mtupu na kijito cha kuvuka kimefurika, anafika langoni namba imekwisha kuhesabiwa. Mwalimu wa zamu amesimama; wachelewaji wamepangwa mstari, matope magotini; fimbo zimekatwa na watoto wenyewe, kwa kuwa miongoni mwa kazi za mwanafunzi ni kwenda kuikata fimbo itakayompiga. Anachapwa viganjani, kisha anaingia darasani kushika kalamu kwa kiganja hicho hicho. Humo ndani yumo monita mwenye karatasi ya majina ya wapiga kelele, na jina likiandikwa mara mbili adhabu ni mara mbili, hata kama limeandikwa kwa ugomvi wa jana wa kipande cha muhogo. Mtoto amejifunza nini? Njia haikufupishwa, wala mvua haikukatika, wala hesabu ya jana haikufahamika. Amejifunza kuwa siku atakayochelewa ni afadhali asifike kabisa. Atakaa kichakani kando ya njia mpaka wenzake watakapotoka, kisha arudi nao nyumbani kama aliyesoma. Na wasichana waliotendewa ukatili wa kingono, katika utafiti ule ule, karibu robo yao walisema kuwa mahali palikuwa ni njiani, kwenda shule au kutoka shule.

Sheria nayo inajua kuwa imeshika kitu cha hatari, ndiyo maana imekizungushia ua. Kanuni za viboko za mwaka 1979, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zasema visizidi vinne. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, iwapo yupo. Na kila adhabu iandikwe daftarini. Ni mzazi gani aliyepata kuonyeshwa daftari hilo? Ua haukai penye kitu ambacho asili yake ni hasira. Mwaka 2016 nchi nzima ilitazama picha za walimu wa mafunzo wakimshambulia mwanafunzi mmoja wa Mbeya kwa ngumi na mateke ndani ya ofisi ya walimu. Agosti 2018, katika shule ya msingi ya Kibeta, Bukoba, mtoto wa miaka 13 aliyetuhumiwa kuiba mkoba alipigwa na mwalimu hata akafa, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Watetezi husema kuwa hao walipitiliza. Naam, walipitiliza, lakini walipitiliza katika njia ambayo nchi iliwafungulia.

Husemwa tena: mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu? Swali hili huulizwa na waliofaulu, waliokaa vitini, na hapo ndipo ulipo upungufu wa ushahidi wake. Aliyeacha shule darasa la nne kwa kuogopa fimbo hayumo katika kikao hicho, hakualikwa. Aliyenajisiwa na mtu mzima wa nyumbani kwao akanyamaza mpaka leo yumo, pengine amekaa kiti cha mbele, naye anapiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu kimya alichofunzwa hakina siku ya kumalizika. Ndipo nasema pasipo kuwauliza watoto, na vijana ambao juzi walikuwa watoto, kwa utaratibu na kwa siri, hatutapata kujua tulichokifanya. Maana vikao vyetu huwasikia waliosalimika.

Juu ya dini nitasema kidogo, kwa kuwa wako wanaostahiki kusema kuliko mimi. Huyu hushika Kitabu cha Mithali, yule hushika hadithi ya sala na umri wa miaka kumi. Lakini kila aliyekaa chuoni amesimuliwa habari za Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume miaka kumi tangu ujana wake mchanga asisikie kwake hata neno la kuudhika. Na kila aliyekaa katekisimu amesimuliwa jinsi Yesu alivyowakasirikia wanafunzi wake walipowazuia watoto kumfikia. Mwenye kutafuta kigezo cha kumlea mtoto na aeleze kwa nini anavipita vigezo hivyo akaenda kushika fimbo.

Malalamiko ya walimu ni jambo lingine, nami sitayapita kwa haraka, kwa maana ni ya kweli. Mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi kuliko madawati, mshahara usiotosha, nyumba inayovuja, na mkaguzi anayeuliza matokeo: mtu huyo akinyang'anywa fimbo asipewe kitu kingine ameonewa. Jawabu ni kwamba hicho kitu kingine kipo na kimejaribiwa, si Ulaya, bali kwa majirani zetu na kwetu wenyewe. Wilayani Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziligawanywa kwa kura. Nusu yake zikafuata mpango uliotungwa na shirika la Raising Voices la Kampala, ambao walimu na wanafunzi walitunga kanuni za shule pamoja, wakaunda mabaraza ya wanafunzi, wakazoea kusifu jema hadharani na kurekebisha baya bila kupiga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: hatari ya mtoto kupigwa na watumishi wa shule ilipungua kwa asilimia 42 ikilinganishwa na shule ambazo hazikuupata mpango. Kwetu, Mabula Nkuba na wenzake waliwafunza walimu wa sekondari za serikali jinsi ya kuongoza darasa pasipo viboko, wakapima kabla na baada, wakalinganisha na shule nyingine, na mwaka 2018 wakaandika kuwa upigaji ulipungua. Huo ndio utafiti ninaoutetea: unaokwenda kwa mwalimu na zana mkononi, kisha ukarudi kuuliza kama zana imefaa. Na liko jambo moja la Luwero linalonigusa kuliko hiyo asilimia. Walipokuwa wakiulizwa maswali ya kupima mpango, watoto 434 walisema mambo mazito kiasi cha kuelekezwa kwenye huduma za ulinzi. Ilitosha kuulizwa na mtu asiye na fimbo.

Linganisha na yatokeayo mtoto wetu anaposema bila kuulizwa. Binti wa kijiji cha mlimani akimwambia mama yake kuwa ameingiliwa, safari inayomngoja ni kuteremka mpaka kituo cha polisi kuchukua fomu namba 3, kwenda nayo hospitali, kurudi nayo polisi, kusimulia kwa kila mlango yale yale. Na kabla hajafika mlango wa pili ndugu wa mtuhumiwa wamekwisha kukaa na baba yake, fedha au mbuzi ametolewa, na neno limetamkwa ambalo katika milima hii limeua mashauri mengi kuliko ukosefu wa ushahidi: tumeyamaliza. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo cha miaka 30 hadi cha maisha. Lakini hakimu hafungi mtu pasipo shahidi, na shahidi ni mtoto anayeambiwa na wazazi wake asiende. Atawakataliaje? Wao ndio waliomfundisha, kwa bakora, kwamba mkubwa hapingwi. Serikali imeweka Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Imeweka namba 116 ambayo mtoto hupiga bila malipo. Tangu mpango wa taifa wa mwaka 2017 imeagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto mpaka ngazi ya kijiji. Yote ni mema, nami naomba yatiwe fedha. Lakini kila moja katika hayo linamngoja mtoto afungue kinywa, na asubuhi hiyo hiyo, katika shule ya serikali hiyo hiyo, anafundishwa kukifunga.

Ninachokidai ni kwamba mkono mmoja wa serikali uache kubomoa kinachojengwa na mwingine. Kenya ilikomesha viboko shuleni mwaka 2001, na katiba yake ya 2010 ikalitia nguvu. Uganda ikafuata kwa sheria mwaka 2016. Na sitaki kudai kuwa fimbo imetoweka Mombasa au Luwero, maana desturi haifi kwa siku moja. Lakini huko mzazi anayekwenda kumshitaki mwalimu aliyempiga mwanawe anakwenda akiwa na sheria upande wake, na hapa kwetu anaanza kwa kuulizwa vilikuwa viboko vingapi. Sheria ya Mtoto imeruhusu marekebisho yasiyopita kiasi kwa umri na hali ya mtoto, na kipenyo hicho kitahitaji Bunge likizibe, na Bunge lina mashauri mengi. Kanuni za viboko hazimo katika hesabu hiyo. Zimetungwa na waziri wa elimu kwa mamlaka aliyopewa na kifungu cha 60 cha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na mamlaka yaliyozitunga ndiyo yanayoweza kuzifuta: hauhitajiki muswada, wala kura, wala kikao cha Dodoma, bali tangazo moja katika Gazeti la Serikali lenye sahihi ya waziri, na waraka wa kuwafikisha walimu habari hiyo kabla ya muhula kufunguliwa.